Mgonjwa wa kichwa asiyeweza kusema: kwa wauguzi wanaoanza kazi

Ninyi mnaoingia wodi ya majeruhi wa kichwa kwa mara ya kwanza, nawaandikia yale niliyojifunza mwaka 2020, korona ilipofunga milango ya wodi zetu Mombasa. Kuanzia tarehe 8 Aprili hadi mapema Julai serikali ilizuia watu kuingia na kutoka katika kaunti yetu, na hospitalini nako ndugu wa wagonjwa wakakatazwa kuingia wodini. Siulaumu uamuzi huo, kwani maradhi yalikuwa yanaua. Kosa letu lilikuwa kuwahesabu ndugu kuwa wageni, ilhali kwa mgonjwa aliyepotewa na usemi ndugu ndiye ulimi wake.

Kijana mmoja wa bodaboda aliletwa akiwa na jeraha upande wa kushoto wa ubongo, upande ambao kwa watu wengi ndio unaobeba lugha. Siku chache baada ya upasuaji alifumbua macho, akawa anatoa sauti fupi, "pi, pi", huku akiuvuta mpira wa kulishia uliopita puani. Nikiwa nimeziba uso kwa barakoa na ngao, nilimwomba kwa Kiswahili atulie, asitulie. Katika kipimo cha Glasgow, kile cha kupima kiwango cha fahamu, nilimpa alama 2 kati ya 5 za usemi, yaani sauti zisizoeleweka, na zamu zilizofuata zikanakili alama ile ile. Aliyetufumbua macho ni mama wa usafi, Mjaluo, ambaye aliegemeza ufagio ukutani akasema, "Sista, huyu anaomba maji." Pi ni maji kwa Kijaluo. Mama mzazi, aliyekuwa Siaya asiweze kusafiri, angelitambua neno hilo papo hapo.

Hatukumpa kikombe, kwa sababu mgonjwa wa namna hiyo hupimwa kwanza uwezo wa kumeza, maji yasije yakaingia mapafuni. Tulimlowesha midomo kwa pamba, na mikono yake ikaacha kuuvuta mpira. Lakini ile alama bado inaniuma. Neno moja linaloeleweka ni alama 3, na ukimwandikia mgonjwa 2 asiyostahili, siku atakaposhuka kweli hadi 2 kwa sababu damu inavuja ndani ya fuvu hakuna atakayeshtuka. Kwa hiyo ulizeni mapema, hata kwa simu, mgonjwa alilelewa kwa lugha gani, kwa kuwa mtu wa lugha mbili au tatu anaweza kurejewa na moja kabla ya nyingine, na si lazima iwe ile mnayoizungumza ninyi.

Barakoa huficha midomo na tabasamu, navyo ni nusu ya maelezo kwa mtu ambaye maneno yanampotea. Simameni upande anaoweza kuona, ulizeni jambo moja kwa sentensi fupi, kisha nyamazeni kwa muda unaotosha kuhesabu hadi kumi. Msipaze sauti, kwani mara nyingi masikio yake hayana hitilafu. Akijibu kwa kufumba jicho au kubana kidole, mjaribuni kwanza kwa maswali ambayo majibu yake mnayajua, mengine ya ndiyo na mengine ya hapana, maana anayekubali kila kitu hajajibu chochote.

Akihangaika, msikimbilie kumfunga mikono wala kumwombea dawa ya usingizi. Tazameni mboni za macho, pimeni oksijeni, kagueni kama mpira wa mkojo umeziba, kama shuka limelowa, kama ana maumivu. Mara nyingi niliyemdhania mkaidi alikuwa na kibofu kilichojaa.

Mama wa yule kijana tulimwomba aturekodie sauti kwa simu, na mara ya kwanza tulipomwekea sikioni aligeuza kichwa kuifuata, jambo ambalo hakuwa amemfanyia yeyote kati yetu. Tangu hapo tulibandika kadi juu ya kitanda chake: jina analoitwa nyumbani, lugha yake, ishara yake ya ndiyo na ya hapana, na maneno machache ya Kijaluo aliyotuandikia yule mama wa usafi. Alipohamishiwa wodi nyingine, kadi hiyo niliibandua mwenyewe nikamkabidhi mkononi muuguzi aliyempokea, kwa maana faili lingeweza kukaa hadi asubuhi bila kusomwa.