Nataka kisu cha kukunja chenye mabapa mawili tofauti: Trapper au Muskrat, nianze na ipi?
Anza na Trapper, ndugu. Umesema unataka mabapa mawili tofauti, na ya Muskrat yanafanana. Trapper ina moja lenye ncha kali na jingine, spey, lenye ncha butu ya mviringo: wafugaji wa Marekani walilitumia kuhasi mifugo, wategaji kuchuna ngozi bila kuitoboa.

Ukikutana na kisu kikuukuu cha Case, kampuni ya visu ya Marekani, soma namba yake. Katika 6254, 6 kwa kawaida ni mpini wa mfupa, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni umbo. Kwa visu vya Case vya miaka ya 1970, hesabu nukta kwenye chapa: 10 mwaka 1970, kisha moja ilipungua kila mwaka. Bapa lililonolewa mpaka likakonda, achana nalo hata bei ikuvutie vipi. Kutu kidogo haina neno.