Umefungiwa kwenye gemu? Maswali yenu kuhusu rufaa

Safari hii maswali yamekuja mengi na karibu yote ni ya kufungiwa, nusu yametoka kwa waliofungiwa na nusu kwa wanaofungia. Nimekuwa admini wa seva za gemu, yaani msimamizi wa sehemu za mtandaoni ambapo watu wanakutana kucheza, miaka saba sasa, nimefungia watu na nimesikiliza rufaa zao, kwahiyo nitajibu pande zote mbili.

Shikamoo kaka. Nimeingia nakuta nimetolewa kwenye seva, ujumbe ni mmoja tu, "umevunja sheria". Naandika nini kwenye rufaa wakati hata kosa silijui?

Marahaba mdogo wangu. Usiandike rufaa bado. Uliza kwanza: ni sheria ipi, siku gani, saa ngapi, ushahidi uko wapi. Kuuliza hivyo sio jeuri, mtu hawezi kujitetea kwa jambo ambalo hajaambiwa. Kule Umoja wa Ulaya wameliweka mpaka kwenye sheria, Sheria ya Huduma za Kidijitali iliyoanza kutumika yote tarehe 17 Februari 2024, jukwaa likikufungia lazima likueleze sababu na kanuni uliyovunja. Seva yenu pengine haiko chini ya sheria hiyo, ila jambo la haki mnaweza kuliiga bila kulazimishwa na mtu.

Ukishalijua kosa ndo unachagua njia, na hapa naomba maadmini nao wanisikilize maana ndo penye shida kubwa kuliko zote. Rufaa ziko za aina mbili. Kuna "sikufanya" na kuna "nilifanya, naomba kurudi". Ya kwanza inataka ushahidi uangaliwe upya, ya pili inataka kujua kama mtu kabadilika. Sasa seva nyingi zina fomu moja tu na swali la kwanza kabisa ni "kwanini ulivunja sheria?", la pili "umejifunza nini?", asiye na kosa anajaza nini hapo? Akiandika sikufanya anaambiwa hana majuto, rufaa inatupwa. Nimeona watu wanakiri vitu ambavyo hawakufanya ili mradi warudi kucheza na rafiki zao, halafu kile kukiri kinabaki kwenye rekodi na siku wakishtakiwa tena wanaambiwa si ulishakubali mwenyewe. Inaniuma sana hii. Tengenezeni fomu mbili, ni kazi ya dakika kumi.

Admini aliyenifungia ndo huyohuyo anayesoma rufaa yangu. Ni sawa?

Hapana. Hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Hata kama ni mtu mwema kabisa, kukubali rufaa yako ni kukubali kwamba yeye alikosea, na hilo ni gumu kwa mtu yeyote. Wikipedia wana utaratibu mzuri, ukiomba kufunguliwa anayepitia ombi lako ni mkabidhi mwingine, ndo jina la admini wao, aliyekufungia anaweza kutoa maelezo tu. Kama seva yenu ina maadmini wawili na wote walikuwepo siku ya tukio, ombeni admini wa seva jirani mnayoheshimiana awasomee faili. Futeni majina kabla ya kumpa. Kampuni ya gemu ya Valve walifanya hivyo mwaka 2013 kwenye Counter-Strike: Global Offensive na mfumo wao wa Overwatch, wachezaji wazoefu waliangalia marudio ya mechi ya mtuhumiwa bila kuona jina lake, wakatoa hukumu kwa walichokiona tu.

Mfumo wa kukamata wachitaji umenifungia na mimi sijawahi kuchiti hata siku moja. Kila nikisema wananijibu mfumo haukosei.

Mfumo unakosea, na umeshakosea hadharani. Mwaka 2010 VAC, mfumo wa Valve wa kukamata wachitaji, uliwafungia kimakosa watu kama 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2 ndani ya wiki mbili. Kosa lilikuwa la Steam yenyewe, programu ya Valve ya kununua na kuchezea gemu, ilikuwa inafanya apdeti ya faili za gemu kwenye diski wakati gemu inaendelea, faili la kwenye diski likawa halifanani na lile lililoko kwenye memori, mfumo ukaona huyu kachezea faili, fungia. Valve walifuta adhabu zote, bosi wao Gabe Newell akaomba radhi, na kila aliyeonewa akapewa gemu ya Left 4 Dead 2 bure, moja yake na moja ya kumpa rafiki. Oktoba 2023 tena, draiva mpya ya AMD, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, ilikuja na kitu cha kupunguza ucheleweshaji kinaitwa Anti-Lag+ kilichokuwa kinaingilia mafaili ya Counter-Strike 2, watu wakawasha kitufe cha kampuni halali kabisa iliyotengeneza kadi yao ya picha wakajikuta wamefungiwa. AMD wakaiondoa ile draiva na Valve wakaanza kuwafungulia watu.

Fikiria sasa hao 12,000 kama wangeambiwa "mfumo haukosei" na mlango ukafungwa. Kwahiyo kwenye rufaa yako taja saa ya tukio, apdeti uliyoweka karibuni, programu zilizokuwa wazi nyuma ya gemu, na waulize kama kuna wengine wamefungiwa kipindi hichohicho. Wakiwa wengi kwa mpigo, hiyo peke yake ni dalili.

Na binadamu naye anakosea. Mimi niliwahi kumfungia kijana mmoja kwa klipu ya sekunde kumi na moja, anatembea kwenye korido, anageuka ghafla kwenye ukuta, anasubiri, adui anatokea palepale, kijana anamlamba risasi. Nikasema huyu anaona kupitia ukuta, hamna mjadala. Rufaa yake ilikuwa na sentensi moja, "naomba usikilize na sauti". Ile klipu nilikuwa nimeiangalia usiku bila hedifoni. Nikavaa, nikaweka sauti juu, nikasikia hatua nne za adui upande wa kushoto, wazi kabisa, kabla hajageuka. Siku tisa alikuwa nje kwa sababu yangu. Nilimfungulia, nikaandika kwenye chaneli kuu ya seva kwamba kosa lilikuwa langu, maana kufungiwa kwake wote walikuona na kusafishwa jina lake ilibidi wote wakuone. Toka siku ile kwenye seva yetu hamna klipu inayohukumiwa bila sauti.

Sisi ni maadmini watatu, rufaa zinakuja nyingi na nusu yake ni matusi. Tukimfutia mtu rufaa kwa sababu katutukana tumekosea?

Poleni kwanza, hiyo kazi mnafanya bure na inachosha, najua. Ila tenganisheni mambo. Matusi ya kwenye rufaa ni kosa jipya, hayathibitishi lile la kwanza, mtu aliyeonewa ana hasira pia. Mjibuni mara moja, "andika upya bila matusi ndani ya siku saba tutaisoma", akirudia fungeni faili. Wekeni muda wa kujibu na muuseme wazi, mkisema siku kumi na nne iwe kumi na nne kweli, maana wiki ya tano bila jibu ni sawa na kukataa. Muda wa kukata rufaa nao usiwe mfupi, ile sheria ya Ulaya inawapa watu angalau miezi sita. Na mkikataa andikeni sababu hata mistari miwili.

Si bora wanachama wote wapige kura nani arudi?

Siungi mkono. Kampuni ya Riot walijaribu kitu kinachokaribiana na hicho kwenye gemu yao ya League of Legends, wachezaji walikuwa wanasoma kesi na kupiga kura ya kuadhibu au kusamehe, ilianza 2011 ikasimamishwa 2014. Angalau pale wapiga kura walikuwa hawamjui mtuhumiwa. Kwenye seva ya watu mia tatu kila mtu anajuana na mwenzake, mwenye marafiki wengi atarudi, mgeni mkimya ataishia nje.

Mdogo wangu alichiti kwenye kompyuta yake, nikafungiwa na mimi kwa sababu tunatumia intaneti moja.

Waambie hivyohivyo. Anwani ya IP, ile namba ya intaneti yenu, inaonyesha laini ya intaneti, haionyeshi mtu. Tuma skrinshoti za mechi mlizocheza kwa wakati mmoja kwa akaunti mbili tofauti, hapo watakubaliana na wewe haraka.

Mimi nilitukana kweli, tena vibaya. Imepita miaka miwili. Nifungue akaunti mpya kimyakimya?

Usifungue. Ukigundulika, na huwa wanagundulika, miaka miwili yote inafutika unaanza upya na kosa la kudanganya juu yake. Tumia ile njia ya pili, "nilifanya, naomba kurudi". Taja ulichosema bila kukipunguza, taja uliyemwambia, sema umekuwa wapi na umecheza wapi tangu hapo, usilaumu mtu. Muda una uzito, kwenye Xbox toka Agosti 2023 pointi za makosa zinafutika baada ya miezi sita, na hata ukifikisha pointi nane, ndo mwisho wake, unafungiwa huduma za kuwasiliana kwa mwaka mmoja, sio maisha. Seva ndogo inayofungia milele kwa tusi moja ijiulize inamzidi nini Xbox.

Kuna mtu alinisumbua kwa miezi, ananitumia ujumbe usiku, anajifanya mimi kwenye seva nyingine. Alifungiwa. Sasa amekata rufaa na maadmini wanasema kabadilika. Mimi ni mwanamke pekee kwenye timu yetu. Nina haki ya kusema chochote?

Unayo dada yangu, na walitakiwa wakuulize kabla hawajamjibu yeye. Rufaa ya haki haimaanishi kila mtu anarudi, inamaanisha kila mtu anasikilizwa, na wewe ni mmoja wa hao. Waandikie leo, sio lazima kwenye chaneli ya wazi, eleza alichofanya na kama bado anafanya, ambatanisha ujumbe wowote uliobaki, na waombe suala lako lisijadiliwe mbele yake wala asipewe maneno yako neno kwa neno. Kama ushahidi wa mwanzo ulikuwa sahihi basi kwenye "sikufanya" hana kitu, amebaki na "nimebadilika", na hiyo haipimwi kwa barua nzuri aliyowaandikia maadmini wakati mtu aliyeumia yupo na hajaulizwa. Wakiendelea bila kukusikiliza niandikie tena, nitakusaidia kuiandaa hiyo barua.