Branula Iliyoziba Haizibuliwi

Swali: Sista, mama yangu mwenye umri wa miaka 61 aliruhusiwa kutoka hospitalini akiwa na branula (mrija wa kupitishia dawa mshipani) mkononi, ili amalizie sindano za antibiotiki ya seftriaksoni katika kemisti iliyo karibu na kwetu hapa Kondele, Kisumu. Siku ya pili dawa ilikataa kuingia. Mhudumu alichukua bomba dogo la sindano, akasukuma maji kwa nguvu hadi ikazibuka, huku mama akilia kwa uchungu. Sasa mkono umevimba, una joto, na mstari mwekundu unapanda kuelekea kwenye kiwiko. Tumeambiwa tuukande kwa maji moto na branula tusiitoe, kwa kuwa mishipa ya mama ni vigumu kupatikana. Je, tufuate ushauri huo?

Jibu: Msiufuate, ndugu yangu. Branula hiyo itolewe leo, na itolewe na muuguzi katika kituo cha afya, si na mtu yule yule aliyeizibua. Waonyesheni mstari huo mwekundu na muwaambie dozi ya mwisho iliingia saa ngapi. Mkono usikandwe hata kidogo branula ikiwa bado mshipani. Mama akishikwa na homa au baridi ya kutetemeka, au usaha ukionekana pale branula ilipoingilia, mpelekeni hospitalini moja kwa moja hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu viini vilivyokwisha kuingia mshipani havichelewi kusambaa katika damu.

Neno "kuzibua" ndilo linaloniudhi, na hulisikia karibu kila wiki. Branula si bomba la sinki. Ni mrija laini wa plastiki wenye urefu wa sentimita chache, uliolala ndani ya mshipa ambao nao ni mwembamba, na unapokataa kupitisha dawa huwa una sababu: damu imeganda kwenye ncha, au mrija umejikunja, au ncha imetoboa ukuta wa mshipa na dawa inamwagika katika nyama. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoponywa kwa nguvu. Isitoshe, kidole gumba kikisukuma kwa nguvu ile ile, bomba la mililita 2 hutoa shinikizo kubwa kuliko la mililita 10, na ndiyo maana muuguzi aliyefunzwa hutumia lile kubwa, husukuma maji ya chumvi polepole kabla na baada ya kila dozi, na akihisi ukinzani huacha na kuitoa branula. Bonge la damu lililosukumwa halipotei. Hufuata mkondo wa damu kwenda moyoni na kisha mapafuni. Na kile kinachoitwa "imezibuka" mara nyingine ni ukuta wa mshipa uliopasuka. Mama alipolia, mkono ulikuwa umekwisha kutoa jibu.

Baada ya branula kutoka, kitambaa safi chenye uvuguvugu kinaweza kutuliza uchungu, na mkono uinuliwe juu ya mto. Maji moto juu ya branula iliyo mshipani ni jambo jingine kabisa: hulowesha plasta, na plasta yenye unyevu ni makao ya viini.

Kuhusu mishipa iliyo vigumu kupatikana, hiyo si sababu ya kuuharibu huo uliopatikana. Utafutwe mwingine katika mkono wa pili, au daktari aulizwe kama dozi zilizobaki zinaweza kubadilishwa kuwa vidonge, jambo ambalo huwezekana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ulizeni pia hiyo seftriaksoni ilichanganywa na nini, kwa kuwa baadhi ya pakiti huja na kimiminika chenye lignokaini, dawa ya ganzi, ambacho ni cha sindano ya msuli pekee na ni hatari kikiingizwa mshipani.

Nilimpokea wakati mmoja mchuuzi wa omena aliyekaa na branula siku tisa. Alikuwa ameifunika kwa soksi ya mtoto ili aendelee na kazi, na soksi ilikuwa imelowa maji ya samaki. Plasta haikuwa na tarehe. Nilipoibandua, usaha ulitoka kabla ya mrija. Vituo vingi hubadilisha branula ya mtu mzima baada ya saa 72 hadi 96, vingine hungoja dalili, lakini vyote vinakubaliana kwamba uchungu, wekundu au uvimbe ukitokea, mrija hutoka saa hiyo hiyo. Mchuuzi huyo hakuwa na ugonjwa wa kumfanya awekewe maji hata kidogo: alikuwa amechoka, akaenda kununua "dripu ya nguvu".

Dripu ya nusu lita ya dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani takriban vijiko sita vya chai. Sahani ya ugali ina nguvu kuliko hiyo na haitobolei mtu ngozi. Hata malaria, ambayo huku kwetu ziwani kila mtu anaijua, hutibiwa kwa vidonge vya AL (artemetha-lumefantrini), dozi sita kwa siku tatu, ikiwa mgonjwa anameza na hatapiki. Atesuneti, dawa ya malaria ya kudungwa mshipani, ni ya malaria kali, na mwenye malaria kali hulazwa; hakalishwi kwenye benchi la kemisti chupa ikining'inia kwenye msumari.

Anayesisitiza kukudunga mwulize leseni yake ya Baraza la Wauguzi la Kenya, kisha tazama mezani. Ukiona chupa moja ya maji ya chumvi iliyofunguliwa asubuhi, kizibo chake kimetobolewa matundu kama chujio kwa kuchotewa kila anayeingia, teremsha mkono wa shati lako utoke.