Ukiongoza kikundi cha kujitolea, anzia kwenye masufuria

Wanaoanzisha vikundi vya kusaidia wenye shida huniuliza swali lilelile: nifanyeje watu wangu wadumu? Wiki ya kwanza wanajaa, mwezi wa tatu unabaki wewe na mweka hazina. Jibu langu huwashangaza wengi, maana mimi ni mwanamke wa Kiislamu, mzaliwa wa Mombasa, na mtu ninayewaambia wamtazame ni mtawa wa Kihindu kutoka Gujarat, jimbo la magharibi mwa India: Pramukh Swami Maharaj, aliyezaliwa kijiji cha Chansad mwaka 1921 na kufariki mwaka 2016. Anayepita Ngara, Nairobi, amewahi kuliona hekalu alilolizindua mwaka 1999, lile la mawe ya manjano yaliyochongwa kwa mkono India yakaletwa kwa meli.

Tarehe 21 Mei 1950, mjini Ahmedabad, guru wake, yaani mwalimu wake wa kiroho, Shastriji Maharaj alimteua kuwa rais wa BAPS, jumuiya ya Wahindu wanaomfuata Swaminarayan, mwalimu wa dini wa zamani. Alikuwa kijana wa miaka 28, na wengi waliokuwa chini ya uongozi wake walimzidi umri. Sherehe ikaisha, watu wakala. Baadaye siku hiyohiyo rais mpya alikutwa anasugua vyombo vya wageni. Hakuwa ametumwa na mtu.

Nimepika kwenye harusi, hitima na futari za msikitini tangu nikiwa msichana, kwa hiyo najua sufuria la pilau la watu mia linavyovunja mgongo. Ndiyo kazi ambayo kila mtu huikimbia. Tangu nilipoanza kuongoza jiko la kikundi chetu, zamu ya kwanza ya masufuria ni yangu. Ninayo sababu ya vitendo kabisa: habari za kweli zinapatikana hapo. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipowatoa watu wa Mathare majumbani, tulikuwa tukipika karibu na shule walikohifadhiwa. Nikiwa na majivu mikononi ndipo nilipoambiwa na kina mama kwamba wanaonyonyesha wanashindwa kusimama kwenye foleni, na kwamba mzee mmoja mwenye kisukari anarudisha sahani ya wali kila siku. Kwenye kikao chetu chenye ajenda na mwenyekiti, hakuna aliyeyasema hayo. Kesho yake foleni ya wanaonyonyesha ikatengwa, na mzee akapikiwa maharage na mboga.

Jingine ni kwamba anayekuja kuchuchumaa nawe penye masufuria ndiye atakayekuwepo mwakani. Mwekee macho huyo, umpe jukumu.

La pili nililojifunza kwake ni kubaki. Januari 26, 2001 tetemeko la ardhi lilipiga Kutch, kule Gujarat, likaua watu wapatao 20,000. Sisi wa pwani tunawaita watu wa huko Wakachi. Majahazi yao yalikuwa yakitoka Mandvi kuja Mombasa na Unguja kwa karne nyingi, na familia nyingi za Wahindi wa Kenya zina asili huko. Watu wa Pramukh Swami walifungua jiko mjini Bhuj, wakapeleka chakula cha moto hadi vijijini. Wengi wangeishia hapo, wapongezwe. Wao walikaa mpaka wakajenga upya nyumba na shule, wakawakabidhi wenyewe.

Tangu nilipolijua hilo, kikundi chetu hutenga theluthi ya kila mchango kwa ajili ya miezi inayofuata, magari ya misaada yakishaacha kuja. Wapo wanaonung'unika kwamba watu wana njaa leo. Ni kweli wana njaa leo. Lakini mtoto aliyesombewa vitabu na maji mwezi wa Aprili bado alivihitaji mwezi wa Julai, na mama yake alihitaji kodi ya mwezi mmoja ili aanze upya. Andikeni utaratibu huu kabla shilingi ya kwanza haijaingia. Baadaye hamtaweza, moyo hautawaruhusu.

Ukame ulipoikumba Gujarat mwaka 1987, jumuiya yake ilifungua kambi za ng'ombe, wakalishwa na kunyweshwa mpaka hali ikatengemaa. Mfugaji wa Wajir au Marsabit, kaskazini mwa Kenya, hahitaji kuelezwa maana yake. Muulize aliyepatwa anategemea nini kuishi, ukiokoe hicho.

Halafu kuna kumjua mtu mmojammoja. Pramukh Swami alizunguka vijijini maisha yake yote akiingia nyumba za maskini na za matajiri, na jumuiya yake inahesabu zaidi ya barua 700,000 alizojibu: mgonjwa anaomba dua, mkulima anauliza achimbe kisima wapi, ndugu wamegombania mali. Alikuwa akisema kwamba katika furaha ya wengine ndimo ilimo furaha yetu. Kwetu kila familia inayosaidiwa ina mwenzetu mmoja anayeijua kwa majina, anayepiga simu hata wakati hakuna cha kupeleka. Simu hiyo ya mikono mitupu ina thamani kuliko unga.

Ninaloliheshimu kuliko yote lilitokea Septemba 24, 2002. Watu wawili wenye silaha walivamia Akshardham, hekalu la jumuiya yake mjini Gandhinagar, Gujarat, wakaua zaidi ya watu 30. Mapema mwaka huohuo Gujarat ilikuwa imepitia umwagaji damu kati ya Wahindu na Waislamu, na waliokufa wengi walikuwa Waislamu. Neno moja la hasira kutoka kwake lingetosha kuwasha moto tena. Aliomba utulivu na dua, na watu walimsikia, kisasi hakikutokea. Wafuasi wake husimulia kwamba alipofika pale aliomba kwenye kila sehemu alipofia mtu, hata walipofia washambuliaji. Nikiwa Muislamu, siwezi kulisoma hilo nikabaki vilevile.

Kikundi chako hakitapigwa risasi, inshallah, lakini kitasemwa. Kitaambiwa kinapendelea kabila fulani, kinakula pesa, kinataka kubadili watu dini. Kubalianeni mapema nani atakayejibu, na ajibu baada ya kulala usiku mmoja. Sisi tuliposhutumiwa kwa upendeleo tulibandika daftari la mgao ukutani, kila mtu asome, tukaendelea kupika.

Sifuati kila kitu chao. Watawa wa BAPS hawachangamani na wanawake, na kazi za wanawake huongozwa na wanawake wenyewe. Mimi nimezoea kikao kimoja cha watu wote. Nimeulizwa pia kwa nini wajenge mahekalu makubwa wakati kuna wenye njaa. Jibu langu ni kwamba Akshardham ya Delhi, hekalu lao jingine lililofunguliwa mwaka 2005, ilijengwa kwa msaada wa maelfu ya watu waliojitolea, na mtu aliyezoea kufika kazini bila malipo kwa ajili ya ibada hufika vivyo hivyo siku ya tetemeko. Misikiti na makanisa yetu yana watu hao hao. Waombeni.

Mwisho, nyumbani. Pramukh Swami alisisitiza kila familia ikae pamoja angalau mara moja kwa wiki, televisheni imezimwa, waombe, wazungumze, wasikilizane. Wanaojitolea sana wana watoto wanaowakosa, na hapo ndipo vikundi vingi hufia: mume au mke anachoka, anasema basi. Kwetu jioni hiyo ni Jumapili baada ya Magharibi, na hakuna anayeruhusiwa kutuma ujumbe wa kikundi. Kama mkutano wenu mmeuweka saa hiyo, uhamisheni.