Resipi ya Uingereza, duka la Marekani: chunga vitu vyenye jina moja

Ukiwa Marekani na resipi ya Uingereza mkononi, au kinyume chake, vitu vyenye majina tofauti kabisa havitakusumbua sana. Utauliza, utaonyeshwa rafu, utanunua. Balaa liko kwenye vitu vyenye jina moja, au yanayokaribiana, maana hapo hata wazo la kuuliza halikujii. Nimeoka pande zote mbili, na hili ndilo ninalowaambia kwanza wapishi wenzangu wanaohama.

Chukua unga unaoumuka wenyewe. Uingereza pakiti imeandikwa "self-raising", Marekani "self-rising". Wa Marekani umeshatiwa chumvi, wa Uingereza hauna. Tena ule wa majimbo ya kusini mwa Marekani mara nyingi ni wa ngano laini, kwa ajili ya zile wanazoziita biskuti, ambazo kwa kweli ni vimkate laini vya kula na siagi. Mimi siununui kabisa. Kila gramu 150 za unga wa kawaida natia vijiko vidogo viwili vya beking pauda, nachekecha mara mbili, basi.

Unga wa kawaida wenyewe nao haulingani. "All-purpose" ya Marekani kwa kawaida ina protini nyingi kidogo kuliko "plain" ya Uingereza, kwa hiyo ukikoroga sana keki inakaza. Dawa yake ni rahisi: katika kila kikombe cha unga punguza vijiko vikubwa viwili, ujazie wanga wa mahindi. Ila huo wanga nao una mtego wake. Uingereza unaitwa "cornflour", na pakiti nyingi za Kenya na Tanzania zimefuata jina hilo. Marekani, "corn flour" ni mahindi yaliyosagwa laini, ndugu wa unga wa ugali! Ukiutia kwenye kastadi utakula uji. Pale tafuta "cornstarch".

Mayai ndiyo yanayowaponza wengi bila wao kujua. Resipi inasema manne makubwa, nawe unachukua manne makubwa. Lakini yai kubwa la Uingereza lina gramu 63 hadi 73 pamoja na ganda lake, ilhali la Marekani lina kama gramu 57, sawa na la wastani Uingereza. Kwenye mayai manne pengo hilo linakaribia yai zima. Ndiyo maana keki ya sponji napima kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza: naweka mayai na maganda yake kwenye mizani, kisha siagi, sukari na unga kila kimoja kinalingana na uzito huo. Njia hii inafaa hata ukiwa nyumbani na mayai ya kienyeji, ambayo ni madogo na hayalingani.

Mizani nunua, usibishane. Kikombe cha Wamarekani ni kama mililita 240, lakini kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 ukijaza kwa kijiko polepole, au 150 ukichota na kushindilia. Kipande kimoja cha siagi yao, kile wanachokiita "stick", ni gramu 113. Na painti usiiamini: ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473.

Sukari haina shida kubwa. Chembe za sukari ya kawaida ya Marekani ni ndogo kuliko za Uingereza, kwa hiyo resipi ikitaka "caster", ile sukari ya Uingereza ya chembe ndogo, mara nyingi tumia hiyo hiyo. Oveni ya nyuzi 350 za Fahrenheit ni kama 180 za Selsiasi, au 160 kama ina feni.

Krimu inahitaji jicho. "Double cream" ya Uingereza ina mafuta asilimia 48. Nzito ya Marekani sheria inaitaka isipungue 36. Ya Uingereza ukiipiga kwa mashine huku unajibu simu, utarudi ukute inageuka siagi. Ya Marekani inavumilia zaidi, lakini haisimami imara vile, hivyo keki ya tabaka usiipangie mapema mno.

Kitu kimoja tu sijakipatia mbadala: ile sharubati nzito ya dhahabu ya miwa, "golden syrup". Watakwambia tia ya mahindi. Ina utamu, sawa, lakini haina ile ladha ya sukari iliyoungua kidogo, na vipande vya oti ("oats") vya Waingereza bila ladha hiyo ni kazi bure. Asali inasaidia, ingawa italeta harufu yake. Mgeni akitoka London kuja kwangu namwagiza kopo mbili, azitie kwenye begi la chini, si la mkononi.