Vita vya Sudan havikuanza na dini

Ndugu, umesema Kaskazini na Kusini mwa Sudan walipigania dini tu. Hapana. Waingereza, waliotawala wakati huo, waliifungia Kusini kwa sheria ya 1922, hata mchuuzi wa Kaskazini hakuingia bila kibali. Mwaka 1947 wakageuka, wakaitisha mkutano Juba, mji wa Kusini, kuhusu kuziunganisha pande hizo. Walipoanza kuondoka, waliachia vyeo karibu 800. Watu wa Kusini hawakupata hata kumi! Fikiria karani wa Juba anayepokea amri kwa Kiarabu asichokisoma. Inauma. Agosti 1955 askari wa Kusini walioko Torit wakaasi, uhuru wenyewe bado haujafika. Dini ilikolezwa baadaye: wamisionari walifukuzwa 1964, na 1983 Rais Nimeiry akatangaza sharia.