Re: Corolla KE70 inakunywa mafuta tangu nihamie Dodoma

Mkuu, kabla hujafikiria kufungua injini, kumbuka umetoka Dar usawa wa bahari, huku tuko zaidi ya mita 1,100. Hewa ni nyepesi, lakini kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haina akili ya kulijua hilo, inamwaga petroli ileile. Chomoa plagi uzitazame: masizi makavu meusi maana yake mafuta yamezidi, kahawia hafifu ndiyo unayoitaka.

Anza na hewa klina (kichujio cha hewa), vumbi la kiangazi huku halina huruma. Kisha hakikisha choki, kilango kinachobana hewa injini ikiwa baridi, inafunguka yote injini ikipata moto, na boya la kabureta, linalofunga petroli ikijaa, halipitishi mafuta. Kama yako bado ni ya platini (vile vidole vya kuwasha na kukata umeme wa plagi), weka mwanya wake 0.45 mm kwanza, taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) baadaye, maana ukigusa platini taimingi nayo inahama.

Skrubu ya mchanganyiko inasaidia gari likiwa sailensa tu, yaani limesimama injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Kwa mwendo wa barabarani ni jeti kuu, kitundu kinachopitisha petroli: nunua ya namba ndogo kidogo, usizibe tundu kwa waya kama wafanyavyo mafundi wengine.

Halafu piga jeki, zungusha magurudumu kwa mkono. Breki inayokamata nayo inakula mafuta.